Fundo la Mtu kwenye Jabali la Ngasa

Nikianza, mtanisikiliza?

*Tutakusikiliza!*

Na nikijikwaa?

*Tutakungoja!*

Basi sogeeni. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio yaje kwangu. Wewe Mchome, punje ziende kwenye ungo, usiwarushie kuku. Nakuona. Mzee akiwa kipofu wa jicho moja haina maana amepofuka yote mawili.

Zamani, zamani ile ya watu ambao hata makaburi yao hatuyajui tena, ukungu ulikuwa ukipanda kutoka korongoni na sauti yake, na nyuki walikuwa wakubwa kama kidole gumba cha Nanzia. Unacheka? Kitazame kidole chako. Walikuwa hivyo hivyo.

Zamani hiyo kulikuwa na watu waliokaa juu ya Jabali la Ngasa. Hawakuwa na ng'ombe wengi, hawakuwa na mashamba mapana. Walikuwa na asali. Nyuki wa Ngasa hawakukaa mizingani wala mitini, walikaa ubavuni mwa jabali, katikati kabisa, mahali ambapo ukitazama kutoka juu unaona migongo ya tai, na ukitazama kutoka chini shingo inakuuma kabla hujaona kitu. Ukiitaka asali ile ulishuka kwa kamba. Ulishuka, ukashuka, ukashuka. Na kilichokushika usife kilikuwa fundo moja tu, hapa kiunoni.

Fundo hilo waliliita fundo la mtu. Mnajua kitanzi cha kutegea paa, kile ambacho mnyama akivuta kinamkaza? Fundo la mtu halikazi. Unaning'inia nalo kutwa nzima na pumzi yako unayo. Lakini ukikosea kidogo tu, ukapitisha ncha pasipo pake, unakuwa umejitengenezea kitanzi wewe mwenyewe.

Na watu wale walikuwa na sheria. Mwanamume anayeshuka hujifunga mwenyewe, kwa sababu walisema anayemfunga mwenzake amebeba damu yake. Na hujifunga kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa mgongoni, mbele ya wazee. Kwa nini mkono mmoja? Kwa sababu huko chini mkono wa pili una kazi. Umeshika mwamba. Ukiuachia, fundo la nini tena?

Sheria ya pili: mwanamke haigusi kamba ya asali, wala haikaribii. Usiniulize kwa nini, Nanzia. Nimeuliza tangu nikiwa na umri wako, sijapata jibu lenye maana.

Sasa, kulikuwa na mtu anaitwa Senzota. Huyu ni wetu. Ni babu wa mababu zangu, na ninyi damu yake mnayo, hata mkijikuna sana haitoki. Nataka mjue hilo mapema, ili nitakapokuwa nasema mabaya yake msidhani nasengenya jirani.

Senzota alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamsha bonde. Alipokuwa kijana alijaribu fundo lile kwa mkono mmoja siku saba, na siku saba vidole vilimkataa. Angemwambia mtu, angesaidiwa. Hakumwambia mtu. Alikuwa mtoto wa mshuka jabali, mjukuu wa mshuka jabali, akaona haya kusema hajui. Siku ya kupimwa ikafika, na ukungu ukafika. Senzota akajifunika vazi lake la ngozi ya mbuzi, akawageuzia wazee mgongo kama mtu anayeomba dua, na chini ya ngozi ile akafunga kwa mikono miwili. Akageuka. Fundo zuri! Wazee wakalivuta huku na huku, likakaa. Wakashangilia. Na yeye akacheka pamoja nao.

Mnaona? Jambo dogo. Angeweza kurudi nyumbani akajifunza taratibu, hakuna ambaye angejua. Hakujifunza. Kila msimu wa asali alijifunga nyumbani kwa mikono miwili, karibu na jiko, akavaa ngozi juu, akatoka akiwa tayari. Watu wakasema, tazameni Senzota, hufunga haraka hata macho hayaoni! Na kwa sababu ya haraka yake wakamfanya mwalimu.

Hapo ndipo ninapoona aibu kweli. Mtu asiyejua kitu akikaa nacho kimya, hilo ni lake. Huyu alikaa akafundisha.

Alifundishaje? Kwa ukali. Alikuwa akisimama mbele ya vijana, ngozi begani, mikono ndani. "Tazama!" Mara fundo hili hapa. "Umeona?" Nani angesema hakuona? "Nimeona, mwalimu." "Basi fanya." Ukikosea, fimbo ya vidole. Waliokuwa na kaka zao walikwenda kufundishwa nyumbani kwa siri. Wasio na kaka walijifunza kile mwalimu alichokuwa akikijua, yaani kujificha.

Senzota alikuwa na mke, Nakunda, na binti mmoja, Nasemba. Binti akaolewa na Kangero, mtu wa bondeni, wa watu wafinyanzi. Kangero hakuwa na kaka mlimani, hakuwa na mjomba. Alikuwa na baba mkwe tu, na alimwamini kama mnavyoamini kwamba mvua inatoka juu.

"Baba," alikuwa akisema, "bado sijalishika fundo lile. Mkono mmoja unanishinda."

"Utalishika hukohuko."

"Nionyeshe mara moja tu, taratibu."

"Nimekuonyesha mara ngapi? Watu wa bonde, mikono yenu imezoea udongo."

Nakunda akayasikia. Yeye alijua, maana kila msimu alimwona mumewe akijifunga kwa mikono miwili hapo jikoni pake. Siku hiyo akamwambia kwa sauti ya chini, "Mume wangu, mfundishe mtoto wa watu kikweli."

"Wewe shughulika na ndama wako," akajibu Senzota.

Nakunda akanyamaza. Na kunyamaza kwake pia simsamehi sana, lakini mke wa enzi zile angefanya nini?

Siku ya Kangero kupimwa, Senzota akasimama mbele ya wazee. "Huyu ni mkwe wangu. Nimempima nyumbani. Anajua." Wazee wakamwangalia mwalimu, wakaitikia kwa vichwa. Yakaisha hayo.

Msimu wa asali ukaingia. Nasemba alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa asubuhi yenye jua, hakuna hata utando wa ukungu. Wanaume watano juu ya jabali, Senzota akiwamo, mshika kamba mkuu akiwa mzee Kajia. Wanawake mbali kidogo, na vibuyu vyao. Kangero akaja tayari amejifunga nyumbani, kwa mikono miwili, akashuka na mwenge wa kufukizia moshi. Akashuka, akashuka, akashuka. Mara wakasikia nyuki wamechafuka, mvumo kama maji ya mafuriko. Kangero akarusha mkono kujikinga, ule wenye mwenge. Moto ukagusa kamba. Kamba ya mkonge pori, kavu, mnajua inavyoshika.

Ikakatika.

Hakufika chini. Alianguka urefu wa nyumba moja, akaangukia ukingo mdogo wa mwamba, mwembamba kuliko kitanda cha mtoto. Mkono wa kushoto ukadaka mzizi wa mkuyu uliokuwa umejichomeka kwenye ufa. Akabaki hapo, miguu kwenye ukingo unaomomonyoka, kushoto mzizi, na kulia mkono mtupu.

"Shusheni kamba nyingine!" akapiga kelele Kajia. Wakashusha. Ikamfikia. Kwa mkono wa kulia akaizungusha kiunoni, akiibana kwa mgongo kwenye mwamba, ncha ikamrudia mkononi. Kilichobaki ni fundo. Fundo la mkono mmoja, lile lenyewe.

"Baba!" akaita kutoka chini. "Kamba imezunguka! Ncha ninayo! Niipitishe wapi?"

Watu wote juu wakamtazama Senzota. Mwalimu wa fundo amelala kifudifudi kwenye ukingo wa jabali, kichwa kimechungulia, na kijana anamuuliza jambo moja. Jambo moja tu! Na yeye halijui. Mikono yake miwili ilijua, lakini mmoja ulikuwa haujui, na kinywa kilikuwa hakijui kabisa.

Wanangu, hapo bado palikuwa na nafasi. Angesema pale pale, ningekuwa nawasimulia kisa kingine. Senzota alifanya nini? Alikisia. Kwa sauti ile ile ya kuamsha bonde akasema:

"Mbele! Pitisha mbele ya kamba, uvute!"

Kangero akapitisha mbele, akavuta, akajilegeza kidogo kupima. Kamba ikateleza, ikamkaza mbavuni. Kitanzi! Akapiga yowe, akarudisha uzito kwenye mzizi, na mzizi ukalia.

"Baba, limenikaza! Nimekosea wapi?"

Sikieni anavyosema. *Nimekosea wapi.* Na Senzota, babu yetu, akamjibu nini?

"Umekosea wewe! Rudia!"

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila nikifika hapa natamani niruke. Siruki. Kangero akarudia. Likamkaza tena. Jiwe likamomonyoka chini ya mguu wake, wakalisikia likienda, likienda, wala hawakusikia likifika.

"Umekosea tena!" akasema Senzota. Lakini sauti ilikuwa imepasuka katikati.

Mzee Kajia akamgeukia. "Senzota, mwambie mwanao vizuri. Hatua kwa hatua."

Senzota akatazama mikono yake. "Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kulifunga kwa mkono mmoja. Sijawahi kulifunga."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, Kajia. Sijawahi."

Alilisema kwa sauti ndogo, likasikika hapo juu tu. Wanaume wakatazamana. Na ajabu yake, hata wao vinywa vilikauka, maana wengine ni yeye aliyewafundisha, na wengine walikuwa hawajafunga kwa mkono mmoja tangu ujana. Fundo la kukumbuka kwa vidole hulitoi kwa maneno ghafla.

Nakunda alikuwa ameshaweka kibuyu chini. Akaja. Akavuka pale ambapo mwanamke havuki, mpaka kwenye kamba.

"Rudi nyuma!" akasema Kajia.

"Nitarudi baadaye," akasema Nakunda. "Fundo mnalolitafuta ni la kufungia ndama. Mtoto mkono huu, kamba mkono huu, kila asubuhi. Likikaza, ndama anakufa. Sisi wote wanawake tunalijua."

Mnaelewa walichokuwa wamefanya watu wale? Waliwaficha wanawake fundo lile vizazi na vizazi, na wanawake walikuwa wanalifunga kila siku mbele ya macho yao, zizini.

"Basi mwambie kijana!" akasema Kajia. "Upesi!"

Nakunda akatikisa kichwa. Kwa sababu nyingine, wanangu. Enzi zile mama mkwe na mkwewe hawakusemezana. Mwanamume akisikia sauti ya mama mkwe hufunika uso kwa mkono, papo hapo, bila kufikiri, kama mnavyofumba jicho mdudu akija. Na mkono gani angefunikia Kangero?

"Akinisikia ataachia mzizi," akasema. Akapiga magoti karibu na mumewe. "Mimi nitasema kwako, wewe utasema kwake. Usiongeze la kwako."

Na Senzota, ambaye sauti yake ilikuwa ikiwatetemesha vijana, akasema, "Siongezi."

Nakunda akamnong'oneza. Senzota akapaza.

"Kangero! Shika ncha kwa vidole, iache itokeze kidogo!"

"Nimeshika!"

"Weka mkono juu ya kamba inayotoka kwetu!"

"Nimeweka!"

"Sasa zamisha mkono chini ya kamba, uuinue kuelekea kifuani. Kamba ikuvike bangili kwenye kifundo cha mkono!"

Mzizi ukalia tena. Nasemba, kule kwenye vibuyu, alikuwa ameuma kitambaa.

"Imenivika!"

"Usitoe mkono! Kwa vidole, sukuma ncha nyuma ya kamba kubwa. Nyuma, mwanangu, si mbele! Ikamate ikitokea upande wa pili!"

"Nimeikamata!"

"Haya, toa mkono kwenye bangili pamoja na ncha. Taratibu. Vuta!"

Kangero akatoa mkono. Akavuta. Akajilegeza kidogo, kidogo tena. Halikukaza.

"Limekaa!"

Wakavuta. Wakavuta. Wakavuta. Mzizi ukang'oka akiwa ameshauachia.

Kangero akafika juu, jicho limevimba kwa nyuki, mbavu zimechubuka. Nakunda alikuwa ameshajifunika uso na kurudi kwenye vibuyu, kama desturi inavyotaka. Kijana akamwona nani basi? Akamwona baba mkwe wake, ukingoni. Akaanguka miguuni pake.

"Baba, sauti yako ndiyo iliyonipandisha. Nilikosea mara mbili na hukuchoka na mimi. Asante, mwalimu wangu."

Wanaume wakatazama nyasi. Senzota akafungua kinywa. Mnadhani alisema? Akasema, "Inuka, mwanangu." Basi. Akampokea asante yake yote, na jioni kipande cha kwanza cha asali, kile cha mwalimu, akakila.

Na wale wanaume hawakusema. Wangesemaje? Wangetakiwa kusema kwamba kipimo chao ni cha uongo, na kwamba mwanamke aliivuka sheria ya kamba akawaokoa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kukaa kimya. Kangero akazunguka mlima mzima akimsifu baba mkwe. Kila aliposifu, Senzota alikohoa. Nakunda alipika, akaandaa, hakumwambia mumewe neno. Wanasema miezi miwili ile Senzota alikonda akapungua nusu, na asali ilikuwa nyingi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya nane, siku ya jina, watu wakajaa. Desturi yao ilikuwa babu atoaye jina lake ampakate mtoto na kulitaja mbele ya jua. Kangero akamweka mtoto kwenye mkono wa kushoto wa Senzota.

"Mtoto huyu ataitwa Senzota," akasema. Kisha akatoa kamba, akamtia babu kwenye mkono wa kulia. "Baba, kwa heshima ya siku hii, tufungie fundo lile. Mtoto mkono huu, kamba mkono huu. Watu walione."

Kijana hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na furaha tu.

Senzota akasimama. Mtoto kushoto, kamba kulia, jua usoni, na siku hiyo hakuvaa ngozi. Angeweza kusema mkono unamuuma. Angeweza kusema uzee. Kajia alikuwa tayari ameanza kumtafutia udhuru, akasema, "Mwacheni, amechoka." 

"Sijachoka," akasema Senzota. "Kangero, maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama mkwe wako. Mimi fundo hili silijui, na sijawahi kulijua. Niliwaambia wazee wakupitishe kwa sababu nilikuwa naficha yangu. Ulipouliza ncha ipite wapi, nilikisia. Ulichokosea ndicho nilichokuambia."

Senzota akaenda mpaka kwa mkewe, akampa mtoto na kamba. Nakunda akampokea mtoto kwa kushoto, na kwa kulia akalifunga fundo kwenye nguzo ya nyumba. Hakulitazama, maana mtoto alikuwa ameanza kulia, na yeye alikuwa akimtazama mtoto.

Kangero alikuwa amefunika uso kwa sababu ya mama mkwe. Aliufunika muda mrefu. Kisha akasema nyuma ya kiganja chake:

"Ulisema nimekosea mimi."

"Ndiyo," akasema Senzota.

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Kijana akasema, "Basi mtoto apewe jina la mwenye maneno. Lakini mimi siruhusiwi kulitamka. Litamke wewe, baba."

Na Senzota, mbele ya jua, mbele ya wazee na wanafunzi wake wote, akamwita mtoto yule wa kiume kwa jina la mkewe. Sauti haikuamsha bonde siku hiyo. Waliokuwa nyuma iliwabidi waulizane amesema nini.

Jina likashuka, babu kwa mjukuu, babu kwa mjukuu, wa kiume kila mara. Ndiyo maana mimi, mwanamume mwenye ndevu, naitwa Nakunda.

Na acheni niwaambie na yangu, maana nisiposema haya nitakuwa nimekula asali kama yeye. Nilipokwenda kutafuta kazi mashamba ya mkonge, miaka kumi na moja niliwaambia watu naitwa Senzota. Niliona haya kuitwa jina la mwanamke. Tukikaa kupumzika nilisimulia kisa hiki, na katika kisa changu mwalimu alimwokoa mkwe wake kwa sauti yake, na mwanamke hayumo. Wakanipigia makofi. Nilimfuta bibi yetu miaka kumi na moja kwa kinywa hiki hiki. Nimezeeka na bado nikikumbuka usiku napata joto usoni.

Kwa hiyo sikieni. Usipojua, sema hujui wakati hakuna mtu anayening'inia. Ukichelewa, sema hata akiwa ananing'inia. Na ukichelewa mpaka ameshapanda na kukushukuru, sema hivyo hivyo, ingawa hapo itauma kuliko zote.

Kisa nimekitua. Mnakibeba?

*Tunakibeba!*

Kibebeni kizima. Haya, Mchome, acha ungo, lete kamba ile ya mbuzi. Mkono wa kushoto mgongoni. Usijifiche, nataka nione unapokosea.